Jaruba Nililolikausha kwa Siri

Mama alipofariki tulikuwa tumeshamzika baba, kwa hiyo arobaini yake ndiyo ikawa kikao cha kutugawa. Baba mdogo alikuja na baiskeli kutoka Kisarawe, akakaa mkekani uani kwetu Tandale, akanywa chai yake mpaka mwisho, kisha akasema alichokuja kusema. Wadogo zangu wawili wa kiume angewachukua yeye. Kitinda mimba wetu, binti wa miaka sita, angekwenda kwa shangazi. Mie nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeacha shule darasa la sita ili nimuuguze mama. Kwangu hakutaja mahali. Alisema tu kwamba mwanamke hakosi pa kwenda.

"Hawatoki hapa," nilimwambia.

"Utawalisha nini?"

"Mpunga."

Alitazama huku na huku kama anayetafuta huo mpunga ulipo. Nikamwambia kuhusu jaruba la mama kule bondeni. Alifikiri, akakuna kidevu, akasema atanipa mvuno mmoja. Atarudi mpunga ukishavunwa. Akikuta magunia yanayoweza kutuvusha mpaka masika mengine, atatuacha pamoja. Asipoyakuta, nisije nikalia mbele yake.

Enzi zile za Ujamaa kila nyumba ilitakiwa iwe na mahali inapolima, hata sisi tuliokuwa mjini. Tawi letu lilikuwa limegawa bonde lote lililo chini ya Tandale, kuanzia kwenye chemchemi hadi kwenye matete ya mtoni. Lilikuwa bonde la matope meusi, maji yake hayakauki hata kiangazi. Kila mwenye nyumba alipewa jaruba lake lenye kingo za udongo pande zote nne, na mfereji mmoja ulishuka ukitoa maji jaruba moja na kuyaingiza jingine. Letu lilikuwa la mwisho kabisa, limepakana na matete. Kamati ya bonde ilipita kukagua. Aliyelima ovyo alinyang'anywa, akapewa mwingine, na waliokuwa wakisubiri walikuwa wengi, maana dukani tulipanga foleni tangu alfajiri kwa unga wa njano ambao wakati mwingine uliisha mbele ya macho yako.

Jaruba la juu yetu lilikuwa la mzee mmoja wa Kimakonde, mchongaji. Asubuhi alichonga mpingo barazani kwake, alasiri akateremka bondeni. Alichonga mashetani: watu wenye jicho moja, wenye tumbo lililofunguka na mkono unaotokea ndani yake. Mama alikuwa akisalimiana naye vizuri tu. Mie nilipopita kwake nilitazama upande wa pili. Yeye alidai kabila lake na letu ni watani, na kwa utani huo hakuna alichoogopa kusema. Hata msibani kwetu alikuja akajifanya amelala ndani ya jeneza la kuazima, mpaka watu wakacheka huku wakilia. Wengine walilipenda jambo hilo. Mie nililiweka moyoni.

Tulipandikiza miche masika yalipoanza, sisi wanne, mdogo kabisa akitupa mafungu ya miche kutoka kingoni. Baada ya wiki mbili bwana mmoja wa tawi aligawa mbolea ya chumvichumvi, nyeupe kama sukari ya mawe iliyopondwa. Kila jaruba makopo mawili. Nilitia ya kwangu asubuhi moja, nikiinyunyiza juu ya maji kama ninavyotia chumvi kwenye mchuzi, nikasimama kuangalia. Wiki haikuisha, mpunga ukawa kijani cha kupendeza. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Wiki iliyofuata majani yakaanza njano. Yalianza yale ya chini, yakapanda. Nilipotazama jaruba la mzee, lilikuwa kijani vilevile. Tena yeye mbolea yake hakuitia yote. Nilimwona kwa macho yangu akibakiza kopo moja na kwenda nalo nyumbani.

Hapo ndipo shaka iliponiingia, na ilipoingia haikukaa pembeni. Kwetu watu husema yuko mtu anayeweza kuivuta mali ya mwenzake bila kuigusa. Muuzaji anafunga duka akakuta mauzo hayaonekani, mkulima anapalilia na mavuno yanatokea kwa jirani. Tunaita chuma ulete. Mama mmoja niliyekaa naye kwenye foleni ya unga aliniuliza kwa nini nimekonda, nikamweleza. Akanisogelea sikioni.

"Mpunga wako wa njano, wake wa kijani, na mmepakana?"

"Eee."

"Na maji yanatoka kwake yanakuja kwako?"

"Eee."

"Mwanangu, hapo pana kitu kimefukiwa. Usimwambie mtu. Toa maji, chimba, utakiona."

Jaruba letu lilikuwa na tundu la kutolea maji upande wa matete, limezibwa kwa udongo na gunia bovu. Kesho yake nililizibua kabla ya jua, maji yakaenda zake mtoni. Nilisubiri siku nne hadi tano, mpaka tope lilipoanza kupasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Nikachimba kati ya mistari kwa panga, nikitafuta kitambaa, mfupa, hirizi, chochote. Nilipata kigae cha chungu na mzizi uliooza. Nikasawazisha tope kwa kiganja, laini, kama mtu anayefagia uwanja ili aone nyayo za mgeni, kisha nikafungulia maji ya mfereji yakaingia.

Maji yalijaa. Siku ile hakuna kitu. Siku ya pili, viputo. Vilitoka chini ya tope, kimoja hapa, vitatu kule, vikapanda na kupasuka juu ya maji bila sauti. Nikakanyaga, vikatoka vingi zaidi, kama kuna kitu kinapumua. Nikasema: yupo. Alichofukia kipo hai.

Baada ya hapo mpunga ulizidi njano. Nikaenda kuomba mbolea nyingine kwenye tawi, nikapewa nusu kopo kwa kuwa ni yatima. Nikatia. Majani yakaamka siku chache, na mie, kwa kuwa yaliamka, nikaogopa yasivutwe tena. Nikatoa maji, nikakausha, nikatafuta nyayo. Hakuna nyayo. Nikarudisha maji. Viputo. Njano. Mara tatu nilifanya hivyo.

Mzee aliniona mara ya pili, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope lililokauka, panga mkononi.

"Mtani!" aliita akiwa kwenye ukingo wake. "Unamzika nani humo?"

"Napalilia."

"Unapalilia chini ya ardhi? Magugu yenu yanaota kichwa chini?"

"Shikamoo mzee," nilisema, ili aondoke.

"Marahaba. Rudisha maji, mwanangu. Mpunga sio mtama."

Nilimjibu kwamba maji hayaji, kwamba ameyazuia yeye kule juu. Aligeuka akaenda kuangalia mfereji wake, kweli akaenda, akachokoachokoa kwa jembe, akarudi akasema maji yanapita. Mie nikajiambia: tazama anavyojua kuigiza.

Kamati ilipopita kukagua, mwenyekiti alisimama mbele ya jaruba letu akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mzima, mjumbe wa nyumba kumi wa mtaa wetu, mkali lakini si mbaya. Akaniuliza kuna nini. Watu walikuwa wengi siku ile. Nikaona siku yangu ya kusema ni ile. Nikasema yote: kwamba mzee ananizuilia maji, kwamba mbolea yangu inavutwa, kwamba kuna kitu kinapumua chini. Nikakanyaga ukingoni, viputo vikatoka mbele ya macho ya watu wote. Kina mama wakashika midomo.

"Huyu binti anayakausha maji mwenyewe," mzee alisema. "Nimemwona."

"Mie?" nilisema. "Jaruba la marehemu mama yangu, nilikaushe mie?"

Nililia kidogo. Sikujilazimisha, lakini pia sikujizuia. Na watu wakamwangalia yatima mwenye wadogo watatu, wakamwangalia na mzee anayechonga mashetani. Mtu mmoja wa nyuma akasema, "Mpunga wake umenawiri, mbona?" Mwingine akasema, "Na kopo moja alilificha nyumbani." Mwenyekiti akasema suala litaamuliwa baada ya siku kumi na nne, na kwamba ikithibitika mzee anazuia maji ya mwenzake, jaruba atalitoa. Mambo ya uchawi, alisema, serikali haiyajui. Lakini hata yeye aliposhuka kwenye kingo alilikwepa jaruba la mzee, akapitia kwa mbali.

Siku hizo kumi na nne nilimwona mzee akitembea peke yake. Mkewe alikuwa akiuza vitumbua asubuhi. Nilipita nikakuta sinia limejaa na jua limeshapanda. Watoto waliimba "chuma ulete" wakipita barazani kwake. Nilijua nani alianzisha. Nikajiambia aliyefanya jambo ndiye anayepata aibu, na nikaendelea kuamini hivyo, kwa kuwa mpunga ulikuwa bado njano na baba mdogo alikuwa bado na baiskeli yake.

Siku ya uamuzi mwenyekiti hakuja peke yake. Alikuja na bibi shamba, msichana asiyenizidi hata miaka kumi, mtu wa bara, mwenye mabuti ya mpira yaliyompwaya na lafudhi iliyofanya watoto wacheke. Alikuwa amebeba bomba la chuma lenye mpini. Nilimchukia hapo hapo. Kwanza aliteremka na kumsalimia mzee kabla yangu, akasifu mpunga wake. Nikasema moyoni, huyu ameshahongwa kinyago.

Hakuuliza habari ya uchawi. Alivua saa, akasukuma lile bomba kwenye jaruba la mzee, akalizungusha, akavuta. Ndani yake mlikuwa na mche wa udongo, mrefu kama mkono. Akaulaza kwenye jani la mgomba. Juu kabisa ulikuwa na ngozi nyembamba ya kahawia, isiyozidi unene wa ukucha; chini ya hapo wote kijivu na mweusi, laini kama uji, unanuka yai viza. Akaja kwetu, akafanya vilevile, akaulaza wetu pembeni ya ule.

Wetu ulikuwa na kutu. Michirizi ya rangi ya chungwa ilishuka toka juu mpaka katikati, kama kutu ya bati inayofuata msumari. Akaupasua kwa vidole, na kila mahali palipokuwa na ufa wa zamani palikuwa na rangi ile.

"Haya," alisema. "Udongo wa maji hauna hewa. Ni mweusi hivi. Rangi hii nyekundu haiji mpaka hewa iingie ndani. Hewa inaingia udongo ukikauka ukapasuka." Akanigeukia. Hakuwa amekasirika. "Jaruba hili limekaushwa mara ngapi?"

Nilisema maji hayaji, kwamba yanazuiwa huko juu.

"Sijauliza kwa nini. Nimeuliza mara ngapi."

Mwenyekiti alisema, "Eleza wote wasikie, bibi shamba. Mbolea imekwenda wapi?"

Alichuchumaa pale matopeni akaeleza, na mie nilisikiliza kama mtu anayesubiri mwenzake ajikwae. Alisema kwenye udongo mna vijidudu ambavyo jicho halivioni, vingi kuliko watu wote wa mjini. Vingine haviishi bila hewa, vingine hewa haviitaki. Mbolea tuliyopewa ikizama kwenye tope jeusi inatulia, mpunga unaila taratibu, kwa kuwa vijidudu vinavyopenda hewa haviwezi kufanya kazi mle. Lakini jaruba likikaushwa, hewa inashuka, vijidudu hivyo vinaamka vinaigeuza mbolea kuwa kitu kingine. Maji yakirudishwa, hewa inakatika, na sasa vinaamka vile vingine. Hivi, kwa kukosa hewa, vinapumua kwa ile mbolea iliyogeuzwa. Vikimaliza, imebaki upepo.

"Upepo unakwenda wapi?" aliuliza mama mmoja.

Bibi shamba alikanyaga tope letu. Viputo vikapanda.

"Pale," alisema. "Si wote ni huo, tope lenyewe nalo hutoa gesi yake. Lakini mbolea ya huyu dada imepitia pale."

Mwenyekiti alinitazama. "Mwanangu, maji yalizuiwa au yalitolewa?"

Mpaka leo naweza kukwambia mawazo yaliyopita kichwani mwangu, kwa mpangilio wake. La kwanza: anadanganya, wamepanga. La pili: nikikubali, nimeharibu shamba la umma na nimesema uongo mbele ya kamati, nitanyang'anywa, na baba mdogo atawabeba wadogo zangu. La tatu: nikikataa, anaondoka mzee, na huenda jaruba lake nikapewa mie, nitakuwa na mawili. Hili la tatu lilikuja limekamilika kabisa, na hesabu yake ya magunia, na ndilo lililonitisha. Nilimtazama mzee. Nilitarajia nione mtu anayeogopa au anayeshangilia. Alikuwa anautazama ule mche wa udongo wa kwangu, akifuata michirizi ya kutu kwa ncha ya kidole, vile ninavyodhani anautazama mpingo kabla ya kuukata.

"Nilitoa," nilisema.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Sema kwa sauti," mzee alisema. Hakuinua uso. "Wale wa nyuma walisikia ya kwanza. Na hii waisikie."

Nilisema kwa sauti. Nilisema kwamba maji hayakuzuiwa, nilizibua tundu mwenyewe, nilitafuta hirizi sikuiona. Watoto wakaanza kucheka, mama zao wakawanyamazisha, kisha mama mmoja akacheka mwenyewe. Mzee alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa kitu chake akakikagua.

"Na kopo ulilobakiza?" nilimuuliza, kwa kuwa lilikuwa bado linanikaa rohoni.

"Nilipeleka kwenye migomba. Mpunga ulikuwa umeshiba, niubandike chakula mdomoni?"

Kamati ilikaa pembeni. Wawili walitaka ninyang'anywe. Mwenyekiti alirudi akasema nitabaki mpaka mavuno, kwa sharti moja: lile tundu la kutolea maji litazibwa na kamati, na litakuwa chini ya usimamizi wa mzee. Sitaligusa bila yeye. Nikiligusa, jaruba limekwenda.

Yaani riziki ya wadogo zangu iliwekwa mikononi mwa mtu niliyemwita mchawi. Nilirudi nyumbani sikula. Niliona wazi atakavyofanya: atalizibua mwenyewe siku moja, jaruba likauke, kisha aseme ni mie.

Bibi shamba alirudi mara moja zaidi, na kopo moja la mbolea, la mwisho. Alisema kuinyunyiza juu ya maji ni kuipoteza, kwa kuwa pale juu kwenye ile ngozi ya kahawia hewa ipo. Ishushwe kwenye tope jeusi. Akatufundisha kubumba matonge ya udongo makubwa kama kitumbua, kutia mbolea kidogo ya vidole vitatu katikati, kuyaanika kivulini, halafu kuyazamisha kwa mkono kati ya mashina, kina cha kiganja na kifundo chake. Tulibumba uani siku nzima. Kitinda mimba alibumba yenye masikio na macho, nikamwambia abumbe sawasawa, akasema ni mbuzi, hata mbuzi wanakula mbolea. Tulizamisha kwa siku mbili, migongo imekufa.

Kisha ikawa kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kitu. Kila asubuhi nilisimama ukingoni, mkono unaniwasha. Nilitaka kuchomoa tonge moja tu, nione kama mbolea bado ipo. Nilitaka kutoa maji kidogo tu. Viputo vilipotoka, na bado vilitoka vichache, niliinama kuvihesabu. Nilikuwa nikienda kukagua lile tundu mara mbili kwa siku, kuona kama gunia limesogezwa, na mara nyingi nilimkuta mzee ameshafika kulikagua yeye.

"Umekuja kunichunga?" aliuliza.

"Nimekuja kuchunga jaruba langu."

"Basi tuchungane. Mie nakuchunga wewe, wewe nichunge mie, mpunga uote kwa amani."

Ulibadilika polepole sana. Majani ya njano hayakurudi kijani, yalikufa. Yaliyotoka mapya ndiyo yalikuwa na rangi. Haukufikia wake. Machipukizi tuliyoyapoteza kwenye ile miezi ya mwanzo hayakurudi. Lakini ulichanua, ukainama. Ilipofika wakati wa kutoa maji ili mpunga ukauke kabla ya kuvuna, ikabidi nimwendee barazani. Alikuwa anapiga patasi.

"Shikamoo. Nimekuja kuomba tundu."

"Marahaba. Unaomba ukafanye nini?"

"Unajua."

"Sijui. Mie Mmakonde, sijui mambo ya mpunga. Lia kidogo kama siku ile, nitafahamu."

Mkewe alimfokea kutoka ndani, "Mpe mtoto maji yake!" Akacheka peke yake, akachukua jembe, tukashuka. Alizibua yeye. Mie sikushukuru. Nilitazama maji yakienda mpaka yakaisha, nikijiuliza anafikiri nini.

Tulivuna. Mwenyekiti alikuja akaona magunia, akasema si haba, si mengi, jaruba libaki kwetu mwaka mwingine watazame. Siku chache baadaye kengele ya baiskeli ililia nje.

Baba mdogo aliingia hadi ndani, akafunua magunia, akaingiza mkono mpaka kiwikoni kana kwamba chini nimeweka pumba. Akauliza yangapi. Nikamwambia. Akahesabu midomo ikicheza, midomo minne mpaka masika. Nilijua hesabu ile, nilishaifanya mara mia: ilikuwa inafika, lakini inafika ikiwa inatambaa. Aliuliza aliyelima jirani yetu ni nani.

Nikamwelekeza, maana nisingemwelekeza angeelekezwa na mwingine. Akaenda kwa mguu. Mie nikapita nyuma ya nyumba, nikasimama upande wa pili wa ua wa makuti wa mzee, nikijua kabisa ni tabia mbaya. Nilikuwa nimejiandaa kusikia jina langu likichanwa. Ningekuwa mimi, ningelichana.

Walisalimiana kwa muda mrefu, habari za mvua, habari za Kisarawe. Kisha baba mdogo akasema, "Yule binti. Wewe umelima naye. Ananidanganya au anaweza?"

Patasi ikanyamaza.

"Muongo ni muongo," mzee alisema. "Mbishi. Salamu anakutupia kama mfupa. Mie alinipaka jina hapa mtaani, mke wangu alirudi na vitumbua vizima, na hajaniomba radhi, ametangaza tu."

"Sasa?"

"Sasa nilikabidhiwa maji yake, ayaguse afukuzwe. Nikamngojea. Kila asubuhi anakuja, anasimama, anaangalia lile gunia kama paka na samaki. Miezi. Hakuyagusa." Patasi ikaanza tena, taratibu. "Mtoto wangu mwenyewe ningemwachia wiki, angeyagusa."

Niliondoka kabla baba mdogo hajanyanyuka. Aliporudi alinikuta nakoka moto, akala wali kwetu, wa mpunga mpya, akaomba tena. Alfajiri alipoipakia baiskeli yake furushi la mpunga, kilo chache nilizomfungia, wadogo zangu wa kiume walikuwa wamesimama mlangoni wamevaa mashati yao ya kutokea, kwa kuwa hakuna aliyewaambia chochote na walidhani wanaondoka.

"Mnakwenda wapi nyie?" aliwauliza.

Akawaambia wakabadili nguo, waende bondeni wakachome mabua. Nikamkatiza, nikasema mabua hayachomwi, yanafukiwa kwenye tope. Alinitazama, akapanda baiskeli.